UZI: Macho ya mtoto hayaponi, mdomo una utando, vidole vinakakamaa. Tupime na homoni

TabibuMacho_Tororo

Wanajamvi, salaam. Mimi nahudumia wagonjwa wa macho huku mashariki mwa Uganda. Leo naomba tujadili jambo ambalo wazazi hulipita, na sisi wahudumu tunalipita pia: mtoto anauguza macho mwaka hadi mwaka, kumbe chanzo kiko kwenye kinga ya mwili inayoshambulia tezi zake za homoni.

Tuchukue mtoto wa miaka 5 au 6. Analetwa kliniki macho mekundu, machozi yanamtiririka, kope amezibana, uso ameuficha kwenye gomesi (gauni) ya mama kwa sababu mwanga wa mlangoni unamchoma. Anapewa matone ya antibayotiki. Baada ya muda anarudi vilevile, anapewa matone mengine. Huku nyuma mama huyohuyo ameshakwenda kwingine kutafuta dawa ya utando mweupe mdomoni ambao ukifutwa unarudi. Na kwingine tena, maana mtoto vidole hukakamaa na ameshaanguka akitetemeka, majirani wakasema ni kifafa. Madaftari matatu ya matibabu, dawa za aina tatu, na hakuna aliyeyaweka madaftari hayo pamoja mezani.

Hayo yote yanaweza kuwa ugonjwa mmoja. Madaktari huuita APECED, au sindromu ya tezi nyingi aina ya 1. Unatokana na hitilafu katika jeni iitwayo AIRE, iliyoko kwenye kromosomu ya 21 na iliyotambuliwa mwaka 1997. Jeni hii hufanya kazi ndani ya tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Humo chembe za kinga huchujwa: zile zilizo tayari kushambulia mwili wenyewe huondolewa kabla hazijaingia kwenye damu. AIRE ikiharibika, mchujo unalegea na chembe mbaya zinatoka.

Zikishatoka, mara nyingi huanza na tezi za parathiroidi, zile nne ndogo za shingoni zinazotunza kalsiamu ya damu. Kalsiamu ikishuka, misuli inakakamaa, midomo na vidole vinachonyota, mtoto anaweza kuanguka na kutetemeka. Kisha hufuata tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, zinazotoa homoni ya kotisoli. Hapo mtoto anachoka, anakonda, anatapika, anatamani chumvi, na ngozi yake inazidi kuwa nyeusi. Kwa watoto wetu weusi usiangalie mkono tu. Angalia ufizi, ulimi, mistari ya kiganja na makovu ya zamani.

Na jicho je? Kinga hiyohiyo hushambulia uso wa jicho, yaani konea (kile kioo cha mbele) na utando unaoizunguka. Kwenye ukingo wa konea kuna seli mama zinazoifanya upya ngozi yake kila siku. Zikiharibiwa, mishipa ya damu hutambaa kuingia kwenye konea, kovu linakaa, na mwisho ni chamba cha jicho. Maumivu na kuogopa mwanga huja mapema, wakati jicho bado linaweza kuokolewa. Hicho ndicho kipindi tunachokipoteza kwa kubadilisha matone.

Kawaida utando wa mdomoni huanza kabla ya miaka 5, shida ya kalsiamu kabla ya 10, na ya adrenali kabla ya 15. Lakini wapo watoto ambao jicho lilitangulia kila kitu. Tafiti za Finland, ambako ugonjwa huu uko kwa takriban mtu 1 kati ya 25,000, zimetaja konea kuathirika kwa wagonjwa kati ya 1 kwa 5 na 1 kwa 3. Kwa hiyo mtoto mwenye macho ya namna hiyo, mimi humwambia mama: nifungulie na mdomo wake, nione kucha zake, nione meno. Gamba la nje la meno likiwa na vishimo, kucha zikiwa nene na mbaya, nywele zikinyonyoka kwa mabaka, nataka kalsiamu ya damu ipimwe kabla sijaandika tone lolote jipya.

Karibuni tujadili.

mama_Arua

Asante musawo (daktari). Nimesoma nikasimama kwenye kitu kimoja. Binti wa dada yangu ana miaka 4. Utando mdomoni hana. Ila huyu tangu uchanga analia bila machozi. Analia kabisa, sauti inatoka, uso umekunjamana, macho makavu. Jajja (bibi) yake husema mtoto huyu ana moyo mgumu. Huku kwetu kiangazi kikianza Desemba macho yanakuwa mekundu, anayafikicha usiku kucha, asubuhi kope zimegandana.

Sasa chakula nacho kinamrudia, si kutapika hasa, kinarudi kama alivyokimeza. Na mwaka huu wazazi wake walimkuta asubuhi hashituki, wakamkimbiza kituo cha afya. Kipimo cha malaria kilikuwa safi lakini akatibiwa malaria. Alipowekewa dripu ya sukari ndipo akafungua macho. Hii inahusiana na mambo yako au nimechanganya?

TabibuMacho_Tororo

Mama, hujachanganya chochote, na naomba unisome kwa makini kwa sababu hili lina haraka kuliko yote niliyoandika hapo juu.

Kuna ugonjwa mwingine unaounganisha macho na homoni kwa watoto. Ulielezwa na daktari Allgrove na wenzake mwaka 1978, na jeni yake, AAAS, ikatambuliwa mwaka 2000. Una alama tatu: macho yasiyotoa machozi, mrija wa chakula ambao mlango wake wa chini haufunguki vizuri, na tezi za adrenali zisizoitikia amri ya kutoa kotisoli. Macho makavu ndiyo hutangulia, tangu uchanga, na ndiyo wazazi huyaona bila kujua kwamba ni ugonjwa. (Mtoto wa wiki chache kulia bila machozi ni kawaida. Akishapita miezi mitatu minne bado hana hata tone, hapo si kawaida tena.)

Kotisoli ndiyo inayosaidia mwili kuinua sukari wakati wa njaa ndefu ya usiku. Isipokuwepo, mtoto analala vizuri na asubuhi anakutwa hana fahamu au anatetemeka. Akipewa sukari anaamka, watu wanashukuru Mungu na kurudi nyumbani. Mara nyingine haamki. Siwezi kusema kwamba binti huyu anao ugonjwa huo, sijamwona. Ila maelezo yako yanatosha kabisa kumpeleka hospitali ya rufaa ya Arua kesho asubuhi, bila kusubiri siku ya kliniki.

Mwambieni daktari maneno haya, yaandikeni kwenye karatasi: hana machozi tangu kuzaliwa, chakula kinamrudia, alikutwa amezimia akaamka kwa sukari, tunaomba apimwe kotisoli ya asubuhi pamoja na sukari na chumvi za damu. Kotisoli hupimwa karibu saa mbili asubuhi kwa sababu ndipo huwa juu. Kama maabara hapo haifanyi, waulizeni kuhusu kupeleka damu Kampala. Lakini mtoto akilegea au akitapika, hakuna kusubiri majibu. Hidrokotisoni ya sindano na dripu ya sukari huanza kwanza, damu ya kipimo ikichukuliwa palepale.

Mpaka mfike, asilale na njaa. Uji apewe usiku na aamshwe apewe tena alfajiri, akiwa amekaa wima kwa sababu ya mrija wa chakula. Na kila anayelala naye chumba kimoja ajue kwamba mtoto asiyeamka ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

BabaPacha_Bombo

Tabibu, nakuheshimu, ila niseme langu. Magonjwa haya ni adimu sana. Umetaja mtu 1 kwa 25,000, tena huko Finland. Kesho kila mzazi mwenye mtoto wa macho mekundu atauza mbuzi akimbilie Kampala kupima homoni. Watoto wetu wana aleji ya macho, na kule Karamoja vikope bado vipo. Hayo ndiyo yanayopofusha watu. Kwa nini tusizungumze hayo?

TabibuMacho_Tororo

Kaka, upo sahihi kwamba wengi ni aleji, na siku nzima kliniki naweza nisione kingine. Tuitofautishe basi, ili mbuzi abaki nyumbani.

Aleji ya macho ya watoto huanza mara nyingi kati ya miaka 5 na 15, na huwapata wavulana zaidi. Alama yake kuu ni kuwasha. Mtoto anafikicha mpaka kope zinavimba, tongotongo zinavutika kama uzi, ukingo wa konea unakuwa mnene wa rangi ya kahawia, na ukigeuza kope ya juu unaona vinundu. Wengi hupoa wakishabalehe, na hiyo ni sababu mojawapo ya wataalamu kuamini kwamba homoni za jinsia zina mkono hata kwenye aleji hii. Mtoto mwenye macho ya namna hiyo, anayekula, anayekua, anayecheza, hahitaji kupimwa kotisoli.

Vikope hukwaruza jicho kwa kope zilizogeukia ndani, baada ya maambukizi ya kurudiarudia miaka mingi. Ukosefu wa vitamini A huanza na kutoona jioni, kisha mabaka ya povu kwenye weupe wa jicho. Huo una kinga yake: matone ya vitamini A kila miezi 6 kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, ambayo hapa kwetu hutolewa hasa Aprili na Oktoba kwenye siku za afya ya mtoto. Mtoto aliyetoka kuugua surua apewe pia.

Sasa mtoto ninayemzungumzia mimi ni tofauti. Maumivu na mwanga vinamsumbua kuliko kuwasha. Na mwilini kuna jambo la pili: utando mdomoni usioisha, mikakamao, kuzimia, kutapika kusikoeleweka, kutokukua, au kulia bila machozi. Jicho peke yake, tibu jicho. Jicho pamoja na moja kati ya hayo, pima damu. Kipimo cha kalsiamu si cha kuuzia mbuzi, na mtoto akianguka kwa kalsiamu ndogo akaandikiwa dawa za kifafa, atazimeza miaka mingi bila kupona, na mtoto wa jicho anaweza kumwota ndani ya jicho kwa sababu kalsiamu imebaki chini. Kuwa wachache hakuwapunguzii haki ya kutibiwa.

BabaPacha_Bombo

Hapo kwenye "jicho pamoja na moja kati ya hayo" nimekuelewa. Hiyo iwekwe hata ukutani kwenye vituo vya afya. Naondoa pingamizi.

DukaLaDawa_Busia

Habari zenu. Mimi niko mpakani, nauza dawa. Wateja wanakuja na kichupa kikavu wanasema "nipe kama hii", na mara nyingi ni matone yenye deksamethasoni, kwa sababu jicho linatulia siku hiyohiyo. Ukikataa anavuka upande wa pili kununua. Je, kwa watoto hawa wa kinga kujishambulia si ndiyo dawa yenyewe? Na kwa utando wa mdomoni watu wanaulizia vidonge vya ketokonazoli.

TabibuMacho_Tororo

Ndugu yangu, asante sana kwa kuuliza badala ya kuuza tu.

Ni kweli kwamba matone ya steroidi, kama hiyo deksamethasoni, ni sehemu ya matibabu ya konea ya APECED, na hata ya aleji kali. Ila hutolewa na mtu aliyetia rangi ya fluoresini kwenye jicho, akaangalia kwa darubini, akahakikisha hakuna kidonda cha virusi vya hepesi wala cha fangasi. Kwenye kidonda cha hepesi, steroidi hufungua mlango na konea inaweza kutoboka. Na hata jicho lisilo na kidonda, steroidi ikitumiwa miezi bila kupimwa presha ya jicho, huleta glakoma. Glakoma hii haiumi. Mtoto anasema jicho limepona huku neva inakufa nyuma. Vijana wenye aleji iliyokwisha zamani, lakini waliopofuka kwa sababu ya kichupa, wapo, na hilo linaniumiza kuliko mambo mengi katika kazi hii. Anayehitaji tiba ya muda mrefu huhamishiwa kwenye siklosporini ya matone pale inapopatikana, pamoja na machozi ya dukani (matone ya kulainisha jicho) yasiyo na dawa ya kuhifadhia. Konea ikiendelea kuharibika, daktari bingwa huweza kuongeza dawa za kutuliza kinga mwili mzima. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa ruksolitinibi, dawa ya vidonge, na wagonjwa wachache wa APECED waliopewa walipata nafuu kubwa. Bado si dawa ya kliniki zetu, lakini ni vizuri wazazi wajue kwamba watu hawajalala.

Ketokonazoli sasa. Hapa naomba uwe mlinzi wetu hapo Busia. Vidonge hivyo hupunguza utengenezaji wa kotisoli. Mtoto ambaye adrenali zake zinasuasua, ukimpa ketokonazoli kwa ajili ya utando wa mdomoni, unaweza kumwangusha kabisa. Tena vinaumiza ini, na Ulaya walipendekeza visitishwe mwaka 2013 kwa sababu hiyo. Kwa utando wa mdomo anza na nistatini ya maji, azungushe mdomoni kabla ya kumeza. Utando ukirudi baada ya dawa kuisha, usiuze chupa nyingine. Mwelekeze hospitali, apimwe VVU maana ndicho chanzo cha kwanza cha kufikiria kwetu, na kikitoka safi wasiishie hapo. Hapo ndipo wengi hupotelea: majibu ya VVU yakiwa mazuri familia inafurahi, na swali la utando unatoka wapi linaachwa.

Mwalimu_Mbale

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nina mtoto darasa la pili anayefunika macho wakati wa paredi, na wenzake wamempa jina la popo. Nimewakemea. Alikuwa akitembea akijikokota, nikadhani ni uvivu wa njaa. Kinachonishangaza, anaomba chumvi jikoni kwa mpishi na kuilamba. Ufizi sijauangalia. Nifanye nini bila kuingilia mambo ya wazazi?

TabibuMacho_Tororo

Mwalimu, Mungu akubariki kwa kuona. Waite wazazi, waambie ulichokiona kwa macho yako: mwanga, uchovu, chumvi. Usiwatajie ugonjwa. Waandikie barua fupi ya kwenda nayo kliniki. Hapo Mbale mna hospitali ya rufaa, na kwa macho Tororo kuna hospitali ya Benedictine, si mbali. Mwambie mama aseme neno chumvi, kwa sababu daktari wa macho hataliuliza.

Darasani akae mbali na dirisha, avae kofia yenye ukingo wakati wa paredi hata kama sare hairuhusu. Mitihani asome kwenye kivuli. Na akianguka au akitapika mara kwa mara shuleni, msimlaze ofisi ya walimu kusubiri mzazi. Mpelekeni.

Mwalimu_Mbale

Nimeelewa. Barua naiandika leo. Mkuu wa shule amekubali kofia.

mama_Arua

Musawo na wote, nimerudi. Tulikwenda. Daktari wa watoto alisoma ile karatasi, akatazama ulimi na ufizi wa mtoto, akasema kweli umekuwa mweusi, sisi tulidhani ni maumbile. Kotisoli imetoka chini sana. Ameanzishiwa hidrokotisoni ya vidonge, macho amepewa machozi ya dukani na mafuta ya usiku, na tumepewa rufaa ya Mulago, hospitali kuu ya Kampala, kwa daktari wa homoni na picha ya mrija wa chakula. Dada yangu ana maswali mawili. Vidonge hivi atakunywa mpaka lini? Na ana mtoto mwingine wa miezi 8, je naye?

TabibuMacho_Tororo

Nimefurahi mno kusikia hivi, mama. Mpe dada pole na hongera kwa pamoja.

Vidonge ni vya maisha yote. Mwili wake hautengenezi kotisoli ya kutosha, kwa hiyo anarudishiwa kile anachokosa. Visikatwe hata siku moja, hata akionekana mzima. Jambo ambalo familia nyingi hazielezwi ni hili: mtoto akipata homa, malaria, jino kung'olewa, kuvunjika, dozi ya kawaida huzidishwa mara mbili hadi tatu katika siku za ugonjwa, kisha inarudishwa. Akitapika vidonge, anahitaji sindano ya hidrokotisoni na hilo ni la hospitali, usiku au mchana. Muombeni daktari awaandikie barua yenye jina la ugonjwa, dozi ya kila siku na dozi ya dharura. Nakala moja ikae nyumbani, moja shuleni akianza, moja kwenye begi la safari. Mhudumu wa zamu asiyeujua ugonjwa huu ataisoma na kuchoma sindano bila kubishana na nyinyi.

Huko Mulago mtakutana na madaktari waliobobea kwenye homoni za watoto. Mafunzo hayo hutolewa Nairobi tangu 2008, na Waganda wamo kati ya waliosoma huko, kwa hiyo msikubali mtu awaambie lazima muende India. Mlango wa mrija wa chakula ukithibitika umebana, hupanuliwa au hufanyiwa upasuaji, na mtoto anaanza kuongeza uzito.

Kuhusu mdogo wake: ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe hawaugui. Kila mtoto wao ana uwezekano wa 1 kati ya 4. Miezi 8 ni umri ambao machozi yanapaswa kuwepo. Akilia leo, dada amwangalie tu mashavuni. Yakiwa makavu, aende naye Mulago safari hiyohiyo. Yakiwa na machozi, bado amtaje kwa daktari.

Na tafadhali dada asilaumiwe, wala shemeji. Kama kuna mzee nyumbani anayetafuta aliyeroga, mkalishe chini umweleze jeni ni nini, au nipigie simu inbox niongee naye mimi.

mama_Arua

Analia sasa hivi anataka kunyonya. Mashavu yamelowa. Namtaja kwa daktari hata hivyo, siku ya rufaa ni Jumanne.

DukaLaDawa_Busia

Nimetoa vile vidonge kwenye rafu ya mbele. Tabibu, tuwekee majina ya machozi yasiyo na dawa ya kuhifadhia ambayo tunaweza kuagiza, wateja wa macho makavu ni wengi kuliko nilivyodhani.

TabibuMacho_Tororo

Nitakutumia inbox leo usiku nikitoka zamu. Agiza yale ya vichupa vidogo vya kutumia mara moja, na bei uiandike wazi, kuna wazazi wataihitaji kila mwezi.